Kejeli Tisa za Nagisumi

Ihanja, Singida
Jumatatu, 13 Januari 2025

Asubuhi mawingu mazito upande wa mashariki, upepo hakuna. Kipimo cha mvua saa tatu: milimita 6.4.

Mdogo wangu Clement,

Hatujambo hapa nyumbani. Baba goti la kushoto linamsumbua, lakini anakwenda shambani na kurudi, na ukimwambia apumzike anakuuliza umesomea udaktari mwaka gani. Alizeti imeota mistari yote isipokuwa upande wa kichuguu. Kaburi la mama tulilipalilia kabla ya Krismasi, mimi na baba. Mwezi wa saba itatimia miaka mitatu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu unafutika, na kwa sababu mara mbili nimekuuliza habari za kazi yako kwa simu ukanijibu kwa picha ya kidole gumba.

Juzi Jumamosi nilikwenda Singida mjini kupeleka kadi ya mvua ya Desemba ofisi ya hali ya hewa. Bado ni mimi ninayesoma kipimo cha kijiji kila asubuhi. Nilipomaliza nikapita duka la Kalpesh kununua betri za tochi. Unalikumbuka, pale karibu na stendi, baba yake ndiye aliyekuwa akituuzia madaftari ya shule. Siku hizi ameweka televisheni kubwa nyuma ya duka na watu wanacheza gemu. Walikuwepo kama kumi na watano, wengi mafundi pikipiki. Nikiwa kaunta nikasikia sauti ya mwanamke, tulivu kabisa, ikisema: "Umekuja na mdomo tu. Mikono umeiacha kwenu?"

Duka zima likacheka.

"Dada Janeth, pita huku," Kalpesh akaniita. "Hii si kazi ya mdogo wako? Kikosi cha Upepo Saba. Ile katuni ya Kijapani imetengenezewa gemu, na inaongea Kiswahili."

"Kazi yake ni ipi hapo?"

"Hayo maneno. Kupigana kwenyewe ovyo, mimi ni mfanyabiashara lakini nakwambia ukweli. Unachukua wapiganaji watatu, mwenzako watatu, wako akichoka unamwita mwingine, basi. Watu hawaji kupigana. Wanakuja kumsikiliza yule mama mwenye upanga."

Yule mama mwenye upanga anaitwa Nagisumi. Padi ya kuchezea ilikuwa mikononi mwa fundi mmoja anaitwa Manase, na wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Mwite Nagisumi amalizie. Usitunyime utamu."

"Hamwiti huyo. Anamkumbusha mama mkwe."

Manase akamwita. Nagisumi akamwangusha mtu, akasimama juu yake, akamwambia: "Unaongea kama mtu aliyekodishwa." Wakacheka tena. Raundi iliyofuata akasema jingine. Hilo silirudii hapa. Niliziacha betri kaunta nikatoka, na pembeni ya ukuta wa stendi nikatapika. Mimi, niliyekaa miezi kumi na minne chumbani kwa mama na sikutapika hata siku moja.

Swali langu ni moja. Maneno ya Nagisumi ameandika nani?

Dada yako,
Janeth


Dar es Salaam
29 Januari 2025

Dada Janeth, shikamoo.

Barua nimeipata, kondakta alinipigia nikaifuata stendi. Mimi mzima. Joto la huku mwezi huu halielezeki, tunalala milango wazi. Mpe baba shikamoo yangu na hiyo dawa ya kuchua niliyoifungia kwenye bahasha. Aipake asubuhi na jioni, asiinywe. Namjua.

Ndiyo, gemu ile tuliifanya hapa ofisini kwetu. Kampuni ya nje ilitupa maneno yote ya mchezo tuyaweke kwa Kiswahili. Kejeli za mwanzo zilikuwa hazina chumvi, mtu anamshinda mwenzake halafu anamwambia "nguvu zako hazitoshi", basi tukaomba ruhusa ya kuandika zetu. Ni kazi ya watu watano, dada. Vigumu kusema hili la nani na lile la nani. Mtu unachota huku na huku, mambo uliyosikia nyumbani.

Lakini nataka uone mapokezi yake, maana sisi wenyewe tumeshangaa. Nakunakilia kama yalivyo. Mhakiki wa tovuti moja ya Nairobi ametoa alama sita kati ya kumi: "Mapigano yanachosha. Kubadilishana zamu kunachelewa kiasi kwamba unapigwa mara mbili kabla mwenzako hajaingia uwanjani, na wapiganaji saba kati ya kumi na wawili wanapiga kwa namna moja. Ila kejeli za Nagisumi zinaubeba mchezo mzima." Wa Arusha ametoa saba: "Sijawahi kusikia Kiswahili cha gemu chenye meno namna hii." Na yupo wa hapa Dar aliyeandika: "Aliyetunga maneno haya ana jicho lisilosamehe kitu."

Inayonukuliwa kuliko zote ni ile ya mwisho, akishinda raundi zote: "Hata nzi wamekuchoka. Unasubiri nini?" Watu wameichapa kwenye fulana.

Ofisini wamenifanya mkuu wa maandishi. Nilitaka kuwaambia Pasaka nikija.

Baba ameshasikia?

Mdogo wako,
Clement


Ihanja
Alhamisi, 6 Februari 2025

Ukungu mpaka saa mbili, kisha jua. Milimita 11.2, mvua ya jana jioni.

Clement,

Marahaba. Dawa imefika na baba anaipaka. Mtama wa bondeni umelala kwa mvua ya Jumapili, tumeunyanyua tulioweza.

Nilimpigia Kalpesh nikamwomba anisomee maneno yote ya Nagisumi, moja baada ya jingine. Alidhani nataka kucheka. Ni kumi na manne. Nimekaa nayo siku nne pamoja na madaftari yangu kumi na moja ya shajara. Tisa ni yangu.

"Umekuja na mdomo tu" niliandika tarehe 3 Novemba 2019, siku mjumbe alipokuja kusimamia uchimbaji wa mtaro akakaa kivulini. "Unaongea kama mtu aliyekodishwa" ni yule mchumba wa Itigi aliyekuja kuniposa, 20 Januari 2020, na wewe ulikuwepo ukamla kuku wake. "Kaa chini, umesimama bila sababu" ni 8 Agosti 2021. Nyingine sitakujazia karatasi, ninazo zote na tarehe zake. Hukubadilisha hata nukta. Wewe na wenzako wanne mmechota huku na huku mkaleta mwandiko wangu.

Madaftari yalikuwa ndani ya sanduku la bati la mama, chini ya vitenge vyake. Niliyafunga kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Baada ya msiba nikakuta fundo moja. Nikasema labda shangazi alikuwa anatafuta kitenge. Sikukufikiria wewe hata kidogo, kwa sababu kwa siku zote tisa nilikuona unalia.

Ile ya nzi ni ya tarehe 11 Juni 2022. Huo ulikuwa mwezi wa kumi na tatu tangu mama apigwe na kiharusi, na wewe ulikuwa bado unaandika kwamba umenyimwa likizo. Siielezi zaidi ya hapo. Nimesoma kwamba imechapwa kwenye fulana, nikaenda kunawa mikono. Sijui kwa nini mikono.

Sasa sikiliza. Mwinjilisti Yeremia alisikia redioni wakiitaja hiyo gemu na jina lako. Jumapili alimwambia baba mbele ya watu. Baba alivaa koti siku mbili mfululizo, katika joto hili. Anamwambia kila anayepita, mwanangu anaandika. Ameagiza ukija Pasaka uje na mashine yenyewe, na amewaalika wazee wa kanisa waje sebuleni kusikiliza.

Baba akiisikia sentensi ya nzi ataijua. Usiniulize nimejuaje, nahisi tu.

Pasaka ni tarehe 20 Aprili. Mna uwezo wa kuiondoa, Kalpesh ameniambia gemu hizi zinarekebishwa kila mara kwa njia ya mtandao. Iondoe.

Janeth


Dar es Salaam
17 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Niliumwa malaria wiki mbili, halafu kazi zikawa zimelundikana. Natumaini nyote hamjambo, na mtama ulionyanyuliwa umesimama. Nimeona habari kwamba huko mvua ni nzuri mwaka huu.

Kuhusu yale madaftari, ni kweli niliyaona. Sikuja kuiba. Nilikuwa natafuta shuka sandukuni. Nilisoma kidogo, nikapenda unavyoandika. Nilifikiri siku ukisikia maneno yako yanapendwa na watu wote hawa ungefurahi kuliko kukasirika. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, dada. Hakuna mtu huku anayeandika hivyo.

Ile ya nzi haikutaja jina. Mimi nilidhani unamsema yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anaumwa.

Kuiondoa si rahisi kama Kalpesh anavyosema. Ukiangalia mapokezi, gemu hii haina kingine. Yule mhakiki wa Nairobi ameandika tena mwezi huu, kasema ukimtoa Nagisumi unabaki na watu kumi na mmoja wanaopunga mikono hewani. Hata wanaoichukia wanaisifia sentensi ile moja. Nikiwaambia wenye mchezo waiondoe wataniuliza sababu, na sababu itaniondoa mimi.

Na hebu fikiria, nani anajua ilikotoka? Mimi na wewe tu. Baba atasikia gemu ya Wajapani inaongea, atacheka na wazee wenzake, atafurahi. Kwa nini tumnyime?

Nitafika Ijumaa Kuu. Mashine nimeshaazima.

Mdogo wako,
Clement


Ihanja
Jumatatu, 24 Machi 2025

Mbingu safi. Umande mwingi. Milimita 0.0.

Clement,

Shikamoo yako nimeiona. Sijaijibu, na usiisubiri.

Baba hajambo. Karanga zinaendelea kukauka. Mbuzi wa shangazi Catherine amezaa pacha, na shangazi mwenyewe anaugua mgongo.

Ng'ombe mwekundu tulimuuza Agosti 2021, mama alipolazwa mara ya pili. Unajua, kwa sababu ulimlilia kwa simu. Na ukurasa wa 11 Juni unataja uji na shuka. Ng'ombe gani anayenyweshwa uji akalazwa kwenye shuka? Ulipoandika hilo ulinidharau mimi, na ulimdharau zaidi yule unayemwita ng'ombe. Nimelisoma mara moja tu. Siwezi kulisoma tena, linanipa kinyaa mpaka kwenye meno.

Kwa kuwa unazungumza sana habari za wahakiki, nami nimehakiki. Juzi Jumamosi nilikwenda dukani kwa Kalpesh nikakaa kwenye kiti kuanzia saa tatu na robo asubuhi mpaka saa saba mchana. Manase alinifundisha padi.

"Dada, usiibonyeze kama unakanda ugali," akaniambia. "Gusa tu."

"Nikigusa hasikii."

"Atasikia. Nagisumi mwenyewe si mkali kama wewe."

Nimecheza mapambano ishirini na sita. Nimeshinda tisa. Haya ndiyo niliyoyaandika kwenye daftari.

Kupigana ni kubaya kama walivyosema. Ukimwita mwenzako anatembea kutoka pembeni kana kwamba ameitwa kula chakula asichokitaka. Wanawake wa kikosi, wote wanne, wamevaa nguo ambazo upepo unazifunua kila wakiruka, na upepo huo hauwapati wanaume. Hakuna mhakiki uliyeninakilia aliyeona hilo. Aliyeanguka anainua mkono mmoja, kama anayeomba maji. Hapo ndipo Nagisumi anaposimama juu yake na kusema. Hakuna mhakiki aliyeandika habari za ule mkono pia. Wote wanausikia mdomo wa aliyesimama, wanaupigia makofi, wanasema una meno.

Nimewaona na watu wa dukani. Si watu wabaya. Manase alimuuguza baba yake mwenyewe, alinisimulia tukiwa tunasubiri zamu. Dakika tano baadaye sentensi ya nzi ikatoka, akacheka hadi akaiacha padi ianguke. Nilitaka kumpiga kwa kiti. Kisha ikatoka ile ya mjumbe, na mimi nikacheka. Nimeliandika hilo kwa sababu ni kweli. Na ile ya "jicho lisilosamehe kitu" nimeisoma mara tatu tangu uninakilie. Hilo nalo ni kweli.

Kwa hiyo kuibiwa peke yake ningekuvumilia. Ila madaftari yale mawili ya mwisho yana kurasa zaidi ya mia tatu. Nimemwogesha mama humo, nimemgeuza, nimemlisha kijiko kwa kijiko, nimeandika siku aliyoweza kusema jina lako. Ulizipita zote hizo kwa kidole chako ukitafuta mahali nilipokuwa mchafu, ukapaokota hapo tu, ukaenda kupauza kama kichekesho. Mtu anayechambua takataka anaokota hata na kizima akikiona.

Waandikie wenye mchezo waiondoe. Usipofanya hivyo, baba nitamweleza mimi kabla hujashuka kwenye basi.

Janeth


Dar es Salaam
9 Aprili 2025

Dada, shikamoo. Najua hutaijibu. Siwezi kuanza bila hiyo.

Natumaini baba hajambo na shangazi amepata nafuu.

Hakukuwa na ng'ombe. Wala sikuwa natafuta shuka. Siku ya tatu ya msiba nilifungua sanduku kwa sababu nilitaka kujua mama alikufaje. Hakuna aliyenieleza, na mimi ambaye sikuja miezi yote ile niliona aibu kuuliza. Nilisoma mchana wote watu wakiwa uani. Kurasa nilizipiga picha.

Nilipofika tarehe 11 Juni nilikuchukia. Nilikuchukia miezi sita, nikawa napokea simu zako huku nakuchukia. Ilikuwa nafuu kwangu kuliko kujifikiria mwenyewe. Tulipohitaji kejeli za Nagisumi nilianza na hiyo, kabla ya zile za kuchekesha. Nilitaka siku moja uisikie kwenye kinywa cha mtu mwingine. Halafu watu wakacheka, wakanipa mkono, na mimi nikaanza kuona kwamba ni yangu.

Wiki iliyopita nilimweleza mkuu wetu kwamba maneno si ya kwangu. Cheo nimevuliwa. Wenye mchezo wamejibu kwamba wataiondoa sentensi hiyo ikiwa mwandishi wake mwenyewe atatia sahihi karatasi kwamba ni yake na anaikataa. Yale manane mengine wanataka kuyabakisha kwa ruhusa yako, jina lako liandikwe mwishoni mwa mchezo. Bila sahihi yako hawagusi kitu. Karatasi ziko humu ndani.

Maana yake jina lako litajulikana. Baba atajua. Nilitafuta njia nyingine, sikuiona.

Ijumaa Kuu nakuja, ukiniruhusu.

Clement


Ihanja
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Jua tangu saa kumi na mbili na nusu. Upepo mwepesi wa kusini. Milimita 0.0, siku ya sita.

Clement,

Baba hajambo, goti limepungua. Tumeanza kuvuna karanga. Shangazi anakaa na kusimama mwenyewe.

Jana, Jumapili ya Matawi, tuliporudi kanisani baba alikaa uani kupepeta mbegu za mtama. Nilileta kigoda changu na daftari la 2022 nikakaa mbele yake. Nikamwambia kwamba maneno ya gemu ya Clement mengi ni yangu, kwamba aliyachukua humu, na kwamba lipo moja ambalo nataka alisikie kwangu kabla ya wazee hawajalisikia sebuleni. Nikamsomea ukurasa mzima, na wewe nakuandikia, ingawa una picha yake.

"Jumamosi, 11 Juni 2022. Baridi, upepo wa kusini. Mvua hakuna. Amekataa uji mara mbili, ameutemea kwenye shuka. Shuka la tatu tangu asubuhi. Nimemwambia: hata nzi wamekuchoka, unasubiri nini? Amegeuza uso ukutani."

Basi, nimelisema. Sikuliandika tu, nililisema, usoni kwake, na akili yake ilikuwa nzima. Jioni alinijibu kwa Kinyaturu jambo moja ambalo sikuliweka kwenye daftari na sitalikuambia.

Baba akaendelea kupepeta. Ungo haukusimama.

"Nilisikia," akasema.

"Umesikia nini, baba?"

"Hilo. Siku hiyo hiyo. Nilikuwa nje ya dirisha nanoa jembe."

"Ukanyamaza."

"Nikaendelea kunoa. Jembe lenyewe lilikuwa limeshakuwa kali."

Nikangoja. Unamjua baba, ukimharakisha anafunga mdomo.

"Mle ndani sikuingia, Janeth. Miezi yote ile. Nilikuwa nafika mlangoni nauliza ameamkaje, halafu nageuka. Harufu ilinishinda. Mke wangu. Ningekuja kukukemea kwa mdomo upi?"

Mwaka mzima ule nilidhani anaheshimu chumba cha mgonjwa.

Baadaye akauliza, "Na hao watu wakilisikia, wanafanya nini?"

"Wanacheka, baba."

Akapuliza makapi. Yalimrudia usoni, hakuyafuta.

"Clement anajua kwamba ni mama yake?"

"Anajua."

"Aje," akasema. "Aje bila hiyo mashine. Yeremia nitamwambia mwenyewe kwamba hakuna kusikiliza."

Kisha akavua koti akaliweka juu ya kigoda, akaenda kuwafungia mbuzi, ingawa ilikuwa bado saa tisa.

Karatasi zako nimezisoma mara mbili kabla ya kuandika chochote. Ya nzi nimeitia sahihi kwamba ni yangu na naikataa. Hao wanaovaa fulana siwezi kuwavua. Yale manane nimeyatia sahihi pia, yabaki, na jina waliandike kwa urefu wake: Janeth Ezekieli Mughwai, Ihanja. Nimeona kwamba ni mazuri, na aliyeyatunga ni mimi, kwa jicho langu lisilosamehe, na nisipoyakubali haya mazuri nitakuwa nimelikana lile baya kwa uongo.

Umeandika kwamba ulinichukia miezi sita. Mimi ninakuchukia huu mwezi wa tatu. Bado sijamaliza na sitakudanganya kwamba nimemaliza. Ijumaa nitakupikia, chumba chako nimekifagia. Usinisalimie mlangoni mbele ya watu ukitegemea nitajibu kwa ajili yao. Nenda kwa baba kwanza. Yeye ana la kukuambia na wewe una la kumwambia, na mimi nitakuwa shambani.

Kwenye karatasi ya pili wameuliza pengo lijazwe na nini, kwa kuwa Nagisumi akishinda raundi zote lazima kitu kitokee. Nimewajibu hapo hapo kwa kalamu. Asimame juu ya aliyeanguka, aone ule mkono, na asiseme neno. Wahakiki wataandika kwamba mchezo umeharibika. Waandike. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu, mmoja alisema na mwingine akanyamaza dirishani, na wa tatu alikuwa Dar es Salaam.

Dada yako,
Janeth

Jumanne asubuhi, kabla ya basi. Mbingu safi, milimita 0.0. Jana nililala saa nne na dakika arobaini usiku, baada ya kumaliza barua hii.